Ndege walao nzige: Walinzi wa malisho ya Garissa na Kaskazini Mashariki

NZIGE wa jangwani walipovuka mpaka na kuingia Mandera mnamo Desemba 28, 2019, jambo la kwanza lililotafutwa na serikali lilikuwa ndege za kunyunyizia dawa. Wakati huohuo, nyika ya Kaskazini Mashariki ilikuwa na ndege wa aina nyingine, wasiohitaji mafuta wala rubani, ambao wamekuwa wakiwala nzige tangu kabla ya kuwepo kwa mipaka.

Makala haya yanahusu ndege hao wa pili. Ni akina nani, wanakula nini, kazi yao inaweza kupimwa vipi, na ni kwa nini dawa inayomwagwa kuwaokoa wafugaji inaweza kumuua ndege aliye upande wao.

Swali hilo si la wapenda ndege pekee. Katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, mali ya mtu ni mifugo, na mifugo ni malisho. Nzige, ambao Wasomali huwaita ayax, hawamli ngamia wala mbuzi, bali huyala majani ambayo ngamia na mbuzi wangeyala.

Kwa mujibu wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), kundi la nzige linalotanda eneo la kilomita mraba moja laweza kuwa na nzige milioni 40 hadi milioni 80. Kundi dogo la namna hiyo hula kwa siku moja chakula kinachoweza kuwatosha watu 35,000. Nzige mmoja mzima ana uzani wa gramu mbili hivi, na kwa siku hula kiasi kinachokaribia uzani wake.

Mapema mwaka wa 2020, kundi moja lililoonekana kaskazini mashariki mwa Kenya lilikadiriwa kuwa na urefu wa kilomita 60 na upana wa kilomita 40. Kenya haikuwa imeshuhudia uvamizi wa kiwango hicho kwa miaka 70. Mwaka wa 2007 nzige walikuwa wamefika sehemu hizo za mpakani, lakini makundi yalikuwa machache na hayakuenea nchini.

<b>Mvua ya jangwani</b>

Chanzo cha balaa hilo kilikuwa mbali na Garissa. Mnamo Mei 2018 kimbunga Mekunu kilimwaga mvua katika jangwa la Rub' al Khali, kusini mwa Bara Arabu. Oktoba mwaka huohuo kikafuata kimbunga Luban. Mchanga uliokuwa mkavu kwa miaka mingi ukaota majani, na nzige wakazaana humo bila kuonekana na mtu.

Walivuka Yemen, kisha wakaingia Somalia na Ethiopia katika mwaka wa 2019. Desemba ya mwaka huo kimbunga Pawan kilipiga Somalia, na mvua yake ikawapa nzige ardhi nyingine yenye unyevu. Nzige jike hutaga mayai kwenye mchanga wenye unyevu, kina cha sentimita kumi hivi, na nyika ya Kaskazini Mashariki ina mchanga wa namna hiyo kwa maelfu ya kilomita.

Mayai huanguliwa baada ya wiki mbili hivi, kutegemea joto. Hutoka tunutu, yaani nzige wachanga wasio na mbawa, ambao hutembea na kurukaruka ardhini kwa muda wa mwezi mmoja na zaidi kabla ya kupata mbawa. Msomaji ashike hatua hii ya tunutu akilini, kwa sababu ndipo ndege anapopata nafasi yake kubwa.

<b>Kwezi anayefuata nzige</b>

Miongoni mwa ndege wote wa Afrika Mashariki, hakuna ambaye maisha yake yamefungamana na nzige kama kwezi mmoja wa rangi ya kijivu ambaye wanasayansi humwita Creatophora cinerea. Si yule kwezi wa buluu na kifua cha rangi ya kutu anayeokota makombo kwenye hoteli za watalii. Huyu ni mnyenyekevu wa sura, mwenye kiuno cheupe na mbawa nyeusi, na huruka kwa makundi makubwa.

Msimu wa kuzaana ukifika, dume hubadilika kwa namna ya ajabu. Manyoya ya kichwani hudondoka, ngozi ya manjano huonekana, na vipande vya nyama nyeusi huning'inia utosini na kooni mwake kama ndewe za jogoo. Msimu ukiisha, vipande hivyo hunywea na manyoya huota tena. Badiliko hilo liliwahi hata kuwavutia wanasayansi waliokuwa wakichunguza upara na saratani kwa binadamu.

Kwezi huyu hana makao ya kudumu. Huhamahama kama mfugaji, akifuata mvua na wadudu wanaofuata mvua. Akikuta tunutu kwa wingi, kundi zima huanza kujenga viota vya vijiti kwenye migunga, mamia na wakati mwingine maelfu ya viota mahali pamoja, mti mmoja ukibeba viota vingi vilivyoshikana.

Mayai hutagwa karibu kwa wakati mmoja, na makinda hulishwa tunutu. Hesabu yake ni ya hatari: makinda lazima yakue upesi kabla tunutu hawajaota mbawa na kwenda zao. Chakula kikihama mapema, wazazi nao huondoka, na makinda yasiyoweza kuruka huachwa yafe viotani. Hiyo ndiyo gharama ya kumtegemea mdudu asiye na ratiba.

<b>Wageni kutoka Ulaya na Sahel</b>

Kwezi hayuko peke yake. Kila mwaka, kuanzia mwezi wa Oktoba na Novemba, korongo weupe wanaozaliana Ulaya ya Mashariki hupita juu ya Sinai na bonde la Nile, wakafika Afrika Mashariki, na wengine huendelea hadi Afrika Kusini. Huko kusini, wakulima wenye asili ya Kiholanzi walimpa jina lenye maana ya ndege mkubwa wa nzige.

Yupo pia korongo wa Abdim, mdogo na mweusi mwenye tumbo jeupe, anayezaliana katika ukanda wa Sahel na kuhama kuelekea kusini mvua zinapobadilika. Chakula chake kikuu ni panzi, nzige na viwavijeshi. Katika nchi kadhaa za Kiafrika kuja kwake huchukuliwa kuwa ishara ya mvua, na jambo hilo lina mantiki, kwa kuwa anafuata wadudu na wadudu wanafuata mvua.

Mbali na hao kuna mwewe, kozi, yangeyange, hondohondo, na kongoti anayejulikana zaidi kwa kupekua majalala ya miji. Kuna vilevile kanga wa nyika kavu, mwenye kichwa kisicho na manyoya kama cha tai na kifua cha rangi ya samawati inayong'aa, ambaye makao yake hasa ni maeneo makavu ya Kenya, Somalia na Ethiopia. Yeye hula mbegu na wadudu pia, na hutembea ardhini kwa makundi.

Jambo la kuzingatia ni kwamba wengi wa wageni hawa huwa nchini kati ya Novemba na Machi. Uvamizi wa nzige wa mwaka wa 2019 uliingia Desemba, na wimbi la pili, lililokuzwa na mvua za kimbunga Gati kilichopiga Somalia mnamo Novemba 2020, liliingia miezi iyo hiyo.

<b>Je, ndege wanaweza kulimaliza kundi?</b>

La, hawawezi, na afadhali jambo hili lisemwe wazi, maana nzige wanapozuka husikika ahadi nyingi za miujiza.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme ndege mmoja anakula nzige 100 kwa siku. Ndege 10,000 watakula nzige milioni moja. Katika kundi la kilomita mraba moja lenye nzige milioni 40, hiyo ni asilimia mbili unusu tu. Kesho yake kundi laweza kuwa kilomita 100 kutoka hapo, na ndege wamebaki nyuma wakiwa wameshiba.

Hesabu hubadilika nzige wakiwa wachache, au wakiwa bado tunutu. FAO hukadiria kwamba hali ya hewa ikiwa nzuri, nzige huongezeka mara 20 katika miezi mitatu, mara 400 katika miezi sita, na mara 8,000 katika miezi tisa. Sasa tuchukulie kwamba ndege na maadui wengine wa asili wamepunguza nusu ya nzige katika kila kizazi. Ongezeko la mara 20 linakuwa la mara 10. Baada ya vizazi vitatu, badala ya mara 8,000 tunapata mara 1,000.

Bado ni nzige wengi. Lakini ni sehemu moja tu ya nane ya wale ambao wangekuwepo, na tofauti hiyo ndiyo huamua kama nchi itahitaji ndege mbili za kunyunyizia dawa au kumi na sita. Kazi ya ndege basi haionekani siku ya uvamizi. Hufanyika katika miaka ya katikati, wakati nzige ni wachache na hakuna gazeti linalowaandika.

<b>Mashamba ya zabibu yanasema nini</b>

Ugumu wa kazi isiyoonekana ni kuipima. Watafiti wa kilimo wamelishughulikia swali hili kwa makini zaidi katika mashamba yenye mipaka, ambako mtu anaweza kuhesabu kiwavi mmoja mmoja. Mashamba ya zabibu yametoa mifano mizuri.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2011, Julie Jedlicka na wenzake walitundika visanduku vya viota katika mashamba ya zabibu kaskazini mwa California, Marekani. Walilenga ndege mdogo wa rangi ya buluu anayekula wadudu na ambaye hukosa mashimo ya kutagia pale miti mizee inapokatwa. Idadi ya ndege hao iliongezeka mara kumi, na ndege walao wadudu kwa jumla wakakaribia kuwa mara nne ya waliokuwepo.

Kisha watafiti wakaweka viwavi wa kutega mashambani na kuhesabu waliotoweka. Palipokuwa na visanduku, viwavi walioliwa walikuwa mara 2.4 ya wale wa sehemu zisizo na visanduku. Karibu kabisa na kiota chenye ndege, walikuwa mara tatu unusu.

Nchini New Zealand, katika jimbo la Marlborough, swali lilikuwa kinyume chake. Huko waharibifu walikuwa ni ndege wenyewe wanaodonoa zabibu. Utafiti wa Sara Kross na wenzake uliochapishwa mwaka wa 2012 ulionyesha kwamba mashamba yaliyorudishiwa kozi, ndege mwindaji, yalipungukiwa na wizi wa zabibu kwa asilimia 95 yakilinganishwa na yasiyo na kozi. Hapa tunajifunza kwamba neno "ndege" halitoshi. Yupo alaye mdudu, yupo alaye tunda, na yupo alaye ndege.

Karibu na nyumbani, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro nchini Tanzania, watafiti walizingira matawi ya kahawa kwa nyavu ili ndege na popo wasiyafikie. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2014 yalionyesha kwamba ndege na popo walipokuwa huru kufanya kazi yao, matunda yaliyoshika yaliongezeka kwa takriban asilimia tisa. Nyuki nao, kwa kuchavusha maua, waliongeza uzani wa matunda kwa asilimia saba hivi. Wachagga wanaopanda kahawa chini ya miti na migomba katika vihamba vyao wamekuwa wakiwahifadhi wafanyakazi hao bila kuwaandikia mkataba.

Nyika ya Garissa si shamba la zabibu, na nzige si kiwavi anayetulia kwenye jani. Hata hivyo kanuni ni ileile: mpe ndege mahali pa kutagia na usimuue, naye atakula kilicho karibu.

<b>Sumu inayorudi juu ya mti</b>

Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani Afrika Mashariki (DLCO-EA), lililoundwa mwaka wa 1962 na ambalo Kenya ni mwanachama wake, pamoja na serikali na FAO, lilipambana na uvamizi wa 2020 hasa kwa dawa za kemikali. Miongoni mwa zilizotumika katika eneo hili ni fenitrothion, chlorpyrifos na deltamethrin.

Mbili za kwanza ni za jamii moja. Hushambulia kimeng'enya kinachotuliza neva baada ya kutuma ujumbe. Kimeng'enya kikizuiwa, neva hazinyamazi; mdudu hutetemeka, hupooza na kufa. Lakini kimeng'enya hicho kimo pia katika mwili wa ndege, wa mbuzi na wa binadamu. Tofauti ni kiasi cha dawa kinachohitajika.

Nzige aliyenyunyiziwa hafi papo hapo kila mara. Huanguka, hujikokota, na kwa ndege aliye angani hakuna mlo rahisi kuliko huo. Ndege mmoja hula nzige wengi kwa saa moja, na kwa kila mmoja humeza chembe ya dawa. Asipokufa, anaweza kulegea kiasi cha kushindwa kuruka au kuwinda, na makinda yaliyo kiotani hufa kwa njaa. Majaribio yaliyofanywa kaskazini mwa Senegal mwaka wa 1989, kwa fenitrothion na chlorpyrifos, yalionyesha kuwa idadi ya ndege ilipungua katika maeneo yaliyonyunyiziwa.

Hatari hiyo inamgusa binadamu pia. Nzige ni halali kwa Mwislamu, na katika jamii nyingi za maeneo makavu huliwa. Kwa sababu hiyo watu huonywa wasiwaokote nzige wa mahali paliponyunyiziwa. Onyo hilo husomwa redioni kwa Kiswahili na Kisomali, lakini kwezi hana redio.

<b>Kuvu inayomsaidia ndege</b>

Ipo dawa nyingine. Ni kuvu iitwayo Metarhizium acridum, ambayo huwaambukiza nzige na panzi. Mbegu zake huchanganywa na mafuta na kunyunyizwa. Huota juu ya ngozi ya nzige, hupenya ndani na kumuua katika muda wa wiki moja hadi tatu. Haimdhuru ndege, nyuki wala mfugo.

Lawama kubwa inayotolewa juu ya kuvu hii ni uvivu wake. Mkulima anayeona shamba lake likitafunwa hana wiki tatu. Lakini utafiti uliofanywa kaskazini mwa Niger na kuchapishwa mwaka wa 2021 na Wim Mullié pamoja na wenzake umeonyesha upande ambao wengi hawakuuona.

Eneo lenye nzige lilinyunyiziwa kuvu kutoka angani, na watafiti wakahesabu nzige na ndege kuanzia siku 12 kabla hadi siku 23 baada ya kunyunyizia. Nzige walioambukizwa hupoteza wepesi wao. Kozi walijaa hapo, wakawakamata nzige hao kwa wingi, na zaidi ya yote waliwachagua majike, ambayo ni makubwa na yana nyama zaidi. Kila jike lililoliwa ni mayai ambayo hayakutagwa.

Kwa maneno mengine, kuvu na ndege walifanya kazi pamoja. Dawa ya kemikali ingewaua nzige upesi zaidi, lakini ingewaua au kuwafukuza kozi, na kundi linalofuata lingekuta uwanja mtupu.

Somalia, nchi isiyokuwa na fedha wala usalama wa kutosha, ndiyo iliyochukua njia hiyo katika uvamizi wa 2019 hadi 2021. Ilitegemea zaidi kuvu hii pamoja na dawa zinazozuia tunutu kujibambua na kukua. Kenya na Ethiopia zilitegemea kemikali za kuua kila mdudu. Mpaka wa Garissa na Somalia ni mstari kwenye ramani. Nzige na korongo waliouvuka walikuta sera mbili tofauti katika nyika moja.

<b>Mauritius, Uchina na bata 100,000</b>

Wazo la kumtumia ndege dhidi ya nzige si geni katika Bahari ya Hindi. Mwaka wa 1762 Wafaransa waliokuwa wakitawala Mauritius waliagiza kutoka India ndege wa jamii ya kwezi aitwaye maina, ili awale nzige wekundu waliokuwa wakiharibu mashamba. Nzige walipungua, na tukio hilo hutajwa hadi leo kama mfano wa mapema wa kumhamisha mnyama kutoka nchi moja hadi nyingine ili apambane na mdudu. Baadaye maina mwenyewe akageuka kero, akipora viota vya ndege wa asili.

Pwani yetu inayo hadithi inayofanana nayo. Kunguru wa India aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili asaidie kusafisha taka. Akaenea bara, akawa adui wa vifaranga, na mwaka wa 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori nchini (KWS) likatangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja. Kumleta ndege mgeni, basi, si sawa na kumlinda aliyepo.

Uchina ilijifunza kwa njia chungu zaidi. Mwaka wa 1958 serikali ya Mao Zedong iliwaamuru wananchi wawaue shomoro kwa madai kwamba wanakula nafaka. Mamilioni waliuawa. Wadudu, nzige wakiwemo, waliongezeka mashambani, na hali hiyo ilichangia, pamoja na sababu nyingine nzito za kisiasa, njaa kubwa ya miaka iliyofuata. Mwaka wa 1960 shomoro aliondolewa katika orodha ya maadui na nafasi yake ikachukuliwa na kunguni.

Pengine kwa kukumbuka hayo, katika mkoa wa Xinjiang Wachina wamekuwa wakiwajengea kwezi wa rangi ya waridi viota vya mawe tangu miaka ya 1980, ili wale nzige wa mbugani. Ni mradi unaofaa kuigwa kwa wazo lake, kwa sababu ndege wanaohusika ni wa hapohapo.

Habari iliyovuma zaidi, hata hivyo, ilikuwa ya Februari 2020, ilipodaiwa kwamba Uchina ingepeleka bata 100,000 nchini Pakistan kupigana na nzige. Mtafiti mmoja alisema bata mmoja anaweza kula nzige zaidi ya 200 kwa siku. Profesa Zhang Long wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Uchina alikata mjadala kwa kukumbusha kwamba bata huhitaji maji, na nzige wako jangwani. Mtu wa Wajir angeweza kumwambia hivyo bila kwenda chuoni.

<b>Mashamba ya kando ya Mto Tana</b>

Garissa si nyika tupu. Kandokando ya Mto Tana kuna mashamba ya maembe, ndizi, mapapai, matikiti, nyanya na vitunguu, na kuvuka mto kuna miradi mikubwa ya umwagiliaji ya Bura na Hola katika Kaunti ya Tana River. Huko ndege ana sifa mbili zinazogombana.

Kuzumburu na shore hudonoa maembe na mapapai yaliyoiva, na hakuna mkulima atakayeshawishika kuwapenda kwa kusomewa makala. Kwelea kwelea, yule ndege mdogo mwenye mdomo mwekundu, ni janga kwa mtama na mpunga. Uvamizi wake wa Januari 2023 katika mashamba ya mpunga ya Kisumu uliifanya serikali kutuma wanyunyiziaji wa sumu. Lakini hata kwelea kwelea, katika siku za kwanza za makinda yake, huyalisha wadudu. Uadui wake huanza makinda yanapoanza kula mbegu.

Kwa upande mwingine, viwavijeshi vamizi vilivyotambuliwa nchini mwaka wa 2017, panzi, na mabuu yaliyomo udongoni huliwa na yangeyange, kwezi na ndege wengine wanaofuata jembe na maji ya mfereji. Bundi hula panya. Mkulima anayenyunyizia sumu kila Ijumaa bila kukagua kama wadudu wapo huwaua hawa wa pili, na wale wa kwanza hubaki juu ya mwembe wakimtazama.

Wafugaji nao wana ndege wao, yule anayepanda mgongoni mwa ng'ombe na ngamia kudonoa kupe. Wengi humsifu kuwa daktari wa mifugo. Utafiti uliofanywa nchini Zimbabwe na kuchapishwa mwaka wa 2000 uliipunguza sifa hiyo: ng'ombe waliozuiwa kufikiwa na ndege hao hawakuwa na kupe wengi kuliko wenzao, na ndege walionekana wakitonesha vidonda ili wanywe damu. Tumelitaja hili kwa sababu si kila imani nzuri kuhusu ndege husalimika ikipimwa.

<b>Migunga inapokatwa</b>

Kwezi wa nzige hujenga kwenye migunga. Korongo hulala juu ya miti mirefu, na kozi huhitaji tawi kavu la kukaa akivizia. Nyika isiyo na mti humpa nzige uhuru ambao dawa peke yake haiwezi kuuondoa.

Ukataji wa miti kwa ajili ya makaa na kuni umeacha makovu katika sehemu nyingi za Kaskazini Mashariki. Mazingira ya kambi za wakimbizi za Dadaab, zilizofunguliwa mwaka wa 1991, ni mfano unaojulikana: mamia ya maelfu ya watu wanaohitaji kupika kila siku katika nchi yenye miti inayokua polepole. Haitakuwa haki kuwalaumu wakimbizi kwa kupika. Lakini mpango wowote wa kupanda upya migunga ya asili kuzunguka Dadaab ni mpango wa kudhibiti nzige pia, ingawa haujaandikwa hivyo kwenye karatasi za wafadhili.

Jambo la mwisho linahusu habari. Mwaka wa 2020 FAO na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Penn State nchini Marekani walitoa programu ya simu iitwayo eLocust3m, na vijana nchini wakafunzwa kuitumia kuripoti mahali walipoona nzige na tunutu. Tatizo ni ukubwa wa nchi. Kaunti ya Wajir pekee ni kubwa kuliko mataifa kadhaa ya Ulaya, na tunutu waliojificha kwenye majani mafupi hawaonekani kutoka barabarani.

Makoloni ya kwezi huonekana, na husikika kutoka mbali. Ndege hao wakianza kujenga viota kwa mamia kwenye migunga iliyokuwa mitupu wiki iliyotangulia, ni kwa sababu wamekwisha kupata chakula cha makinda karibu na hapo. Mchungaji anayepita na ngamia wake huwaona siku nyingi kabla ya gari la afisa wa kilimo kufika, na huo ndio muda ambao tunutu bado wanatembea kwa miguu.